Wiki ya Utamaduni Vyuoni: Ugomvi Uko kwenye Hema, Si kwenye Ngoma

Vyuo vikuu vya Kenya vikitangaza Wiki ya Utamaduni, ubishi ni ule ule. Kuna wanaosema huo ni ukabila uliovishwa shanga, na kuna wanaosema hiyo ndiyo nafasi pekee katika mwaka mzima ambapo mwanafunzi aliyetoka Turkana au Tana River huonekana na wenzake kama mtu mwenye kwao. Wanaopinga wamejenga hoja iliyoshikana. Wanaotetea hukimbilia maneno makubwa ya umoja na fahari, kwa hiyo hoja yao iliyo bora haijapata kusemwa kwa ukamilifu.

Tuanze na wapinzani. Kwa kawaida uwanja hugawanywa kwa mahema, kila hema na jamii yake. Ili hema lisimame panahitajika mwenyekiti, mweka hazina, orodha ya namba za simu na kundi la WhatsApp. Wiki ikiisha hema linakunjwa, orodha inabaki. Uchaguzi wa baraza la wanafunzi ukifika, orodha hiyo ndiyo mtaji wa kwanza wa mgombea. Hofu hii ina msingi. Sheria ya Vyuo Vikuu ilirekebishwa mwaka 2016 ili wanafunzi wachague wajumbe kupitia idara na vitivo vyao, kisha wajumbe ndio wachague baraza; mwenyekiti na makamu wake hawawezi kuwa wa jinsia moja, na nafasi tatu zimetengewa makundi yenye maslahi maalumu. Wapinzani wanauliza: ikiwa sheria imehangaika kiasi hicho kuvunja kambi, kwa nini chuo kizijengee mahema? Swali hilo halijibiki kwa tabasamu.

Wanaongeza mfano wa Tanzania. Sensa ya huko haijauliza kabila la mtu tangu ile ya 1967, na anayesoma Dar es Salaam anaweza kumaliza miaka mitatu bila kuulizwa na ofisi yoyote ya chuo yeye ni wa kabila gani. Kwa hiyo, wanasema, dawa ni kunyamaza.

Kunyamaza kumejaribiwa Kenya. Mwaka 1980 serikali ya Rais Moi iliamuru vyama vya kikabila vivunjwe. GEMA, chama cha Wakikuyu, Waembu na Wameru, ikafa, Luo Union ikafa, New Akamba Union ikafa, na hata klabu ya soka ya Abaluhya ikalazimika kubadili jina na kuwa All Footballers Confederation, yaani AFC Leopards tunayoijua leo. Majina yalifutika haraka. Lakini uchaguzi wa vyama vingi wa 1992 ulipofika, watu waliuawa na kufukuzwa mashambani kwao Bonde la Ufa kwa sababu ya kabila lao, na 2007 ikaja na balaa kubwa zaidi. Kilichokuwa kimefutwa ni vibao vya ofisi. Mgawanyo wa ardhi, kazi na vyeo, ambao ndio chakula cha ukabila, uliendelea kama kawaida, sasa bila mahali pa wazi pa kuuzungumzia.

Na hao wanaoitaja Tanzania wameisoma nusu. Nyerere hakunyamazia ngoma. Mwaka 1962 aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, kikafuata kikundi cha taifa cha ngoma, na baadaye, mwaka 1981, Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Msukuma akajifunza sindimba ya Wamakonde, Mzaramo akacheza bugobogobo ya Wasukuma. Kenya nayo ina mfano wake: Bomas of Kenya, kituo cha utamaduni jijini Nairobi kilichoanzishwa mwaka 1971, ambako wachezaji wa kikundi kimoja hucheza ngoma za jamii nyingi na hakuna anayemuuliza mpiga ngoma babu yake alizikwa wapi. Pande zote mbili za ubishi wa vyuoni zimechukulia kwamba utamaduni lazima uonyeshwe na wenyewe peke yao. Wapinzani wanaogopa kile ambacho hema huzaa, nami nakubaliana nao juu ya hema. Ngoma yenyewe haina kosa hilo.

Hapa ndipo penye jambo ambalo halijatazamwa vya kutosha, nalo ni hesabu ya jamii ndogo. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya milioni 47.6. Kati yao Waelmolo wa kando ya Ziwa Turkana walikuwa 1,104 na Wadahalo wa pwani 575. Serikali iliamua mwaka 2016 kwamba Wamakonde wa Kwale wapewe vitambulisho, mwaka 2020 ikawakubali Washona kuwa raia, na Wapemba wa Kilifi na Kwale wakatambuliwa mwaka 2023. Kabla ya hapo kijana wao hakuwa na njia ya kuomba mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, maana bila kitambulisho ombi halikuenda. Sasa watoto wa jamii hizi wanaanza kuingia vyuoni, mmoja hapa, wawili pale.

Mpe mwanafunzi huyo utaratibu wa hema. Hema linadai wachezaji 18 au 20, michango ya kukodi mavazi, wapishi na kamati. Jamii yenye wanafunzi 900 inatimiza masharti hayo kwa siku mbili. Yenye wanafunzi watatu haitimizi kamwe. Watatu hao hupewa meza ya pembeni yenye kibao cha "Jamii Nyingine", au wanaambiwa wajiunge na majirani wa kaunti yao, na mara nyingi majirani hao ndio waliowameza kwa lugha na kwa ardhi. Sherehe iliyokusudiwa kuwaingiza wote imewaonyesha hadharani kuwa hawatoshi kuhesabika. Anayepinga Wiki ya Utamaduni angekuwa na haki ya kuanzia hapa, ajabu ni kwamba hoja zake karibu zote ni za makabila makubwa yanayogombea uenyekiti.

Sasa geuza utaratibu. Chukua kanuni iliyomo katika Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, kifungu cha 7: hakuna taasisi ya umma inayoruhusiwa kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. Itumie uwanjani. Kikundi cha watu 18 kisiwe na zaidi ya wenyeji sita wa ngoma inayochezwa. 12 waliobaki wapatikane kwa kura ya bahati nasibu kutoka orodha ya waliojiandikisha. Papo hapo kilicho adimu si watu tena, ni ujuzi. Mwanafunzi mmoja anayejua nyimbo za wavuvi wa Elmolo anahitaji wanafunzi 17 wa kumfuata, na chuo kinamtafutia. Uchache wake haumzuii tena, na kwa wiki sita yeye ndiye mwalimu.

Wiki sita ni za lazima, mazoezi mawili kwa wiki ya saa mbili mbili, jumla saa 24. Wiki mbili za kwanza watu wakae chini wajifunze wimbo: maneno, maana, nani huimba wakati gani. Vikundi vingi huanza na miguu kwa kuwa inapendeza, matokeo yake ni wachezaji wanaotafuna maneno wasiyoyajua, na wenyeji waliokaa kwenye hadhira wanaona wamefanyiwa mzaha. Wiki ya tatu na ya nne ni za miguu, ya tano ngoma zinaingia, ya sita yote yanafanyiwa kwenye jukwaa lenyewe. Ratiba ndiyo huvunja vikundi kuliko uvivu: Ijumaa mchana Waislamu wako msikitini, Jumamosi Waadventista wako kanisani, na baada ya magharibi wanaoishi nje ya chuo wanawahi matatu. Kinachobaki ni Jumatatu hadi Alhamisi, saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni. Mwaka ambao Ramadhani imeangukia humo, kila zoezi lipunguzwe liwe la saa moja tu na usilete onjo za chakula mchana.

Si kila kitu kinafaa kuchezwa. Kifudu ya Wamijikenda ni ya msiba, na eunoto ya Wamaasai ni sherehe ya kuvuka daraja la rika, haichezwi kwa makofi ya wageni. Wenyeji waulizwe wiki ya kwanza, kabla ya kura, na jibu lao liwe la mwisho. Isukuti ya Waisukha na Waidakho, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 kama urithi unaohitaji kuokolewa haraka, inafundishika, lakini ngoma zake ni tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe. Kikundi kinachokodi moja tu kitapata kelele bila isukuti. Ngozi hulegea kwa baridi na unyevu, hivyo ipangwe alasiri, au pawe na moto wa kuzipasha kabla ya kupanda jukwaani.

Jukwaa lenyewe ndipo maneno ya ujumuishi huanguka. Njia ya kiti cha magurudumu inataka mteremko wa moja kwa 12, yaani kila sentimita moja ya kimo ipate sentimita 12 za urefu. Jukwaa la sentimita 90, lile la kukodi, linahitaji mteremko wa mita 10.8, kwa hiyo mafundi huweka mbao mbili za mita tatu na mwanafunzi analazimika kubebwa mbele ya watu. Shusha jukwaa hadi sentimita 30 na mita 3.6 zinatosha. Wakalimani wa lugha ya ishara wawe wawili, wapokezane kila dakika 20, maana mmoja akiachwa saa tatu mikono huchoka na tafsiri inapungua. Na wawekewe taa, kwa sababu usiku mkalimani aliye gizani ni sawa na hayupo.

Chakula kionjwe, kisiuzwe. Kilo moja ya mchele hutoa karibu kilo mbili na nusu za wali, yaani sahani 25 za gramu 100, kwa hiyo gharama si kubwa kama inavyodhaniwa. Sufuria na miiko ya nyama halali itengwe tangu jikoni. Kila chungu kiwe na karatasi inayotaja samaki, njugu, maziwa au nazi. Busaa, pombe ya kienyeji, ibaki kwenye maelezo tu.

Wanaotaka kila jamii icheze ngoma yake wana jibu, na ni zito. Ngoma inayochezwa na wageni 12 kati ya 18 haitakuwa nzuri kama ya wenyewe, hilo ni kweli na hakuna mazoezi ya saa 24 yatakayolibadilisha. Tena kuna mwanafunzi wa Kipokomo ambaye hajasikia lugha yake kwa miezi minne na hataki kumfundisha mtu. Anataka kuimba na watu wa kwao. Huyo apewe usiku mmoja bila waamuzi, bila kombe na bila mgeni rasmi. Kombe likiondolewa kwenye jamii na kupewa kikundi mseto, mwanasiasa wa nje naye hupoteza sababu ya kufadhili hema.

Lakini pigo kubwa la wapinzani ni moja, na ngoma haiwezi kulijibu: chuo kinaweza kucheza mwezi wa tatu na kuajiri kutoka kijiji kimoja mwezi wa nne. Kifungu cha 7 kiliandikwa kwa ajili ya ajira. Kwa hiyo siku ya kufungua wiki, kabla ya ngoma ya kwanza, ofisi ya makamu chansela ibandike jedwali la wafanyakazi pale uwanjani. Safu nne zinatosha: jamii, idadi, asilimia, na walioajiriwa miezi 12 iliyopita. Ile ya mwisho ndiyo ya kusoma kwanza. Chuo ambacho nusu ya wafanyakazi wake ni wa jamii moja hakiwezi kufikia theluthi kwa mwaka mmoja bila kufukuza watu, lakini ajira zake mpya zitaonyesha kama kimeanza.