Rubani akitua kwa kishindo kwenye mvua, usimsonye

Juzi ndege ilitua kwenye mvua kubwa kwa kishindo hadi mikoba ikagongana juu ya vichwa vyetu. Jamaa wa kiti cha nyuma akasonya: "Huyu dereva kajifunzia wapi?" Dirishani, njia ya kurukia ilikuwa inang'aa kama kioo. Mimi nilishusha pumzi. Siku kama hiyo, anayenitia wasiwasi ni rubani anayeibembeleza ndege kama anaweka yai mezani.

Tairi likikutana na maji mengi kwa kasi kubwa, maji hayapati nafasi ya kukimbilia pembeni. Hujipenyeza chini yake kama kabari, na tairi likaelea bila kugusa lami. Kwa kanuni waliyoitoa watafiti wa NASA, tairi lenye upepo wa pauni 200 kwa inchi ya mraba huanza kuelea kwenye kilomita 235 hivi kwa saa, na ndege nyingi kubwa hugusa chini zikiwa na kasi ya karibu na hapo au kuizidi. Tairi ambalo halijaanza kuzunguka huelea hata kwenye kasi ya chini ya hiyo. Hapo ndipo kishindo kinapofaa: gurudumu linapasua maji, linazunguka, vibao vya juu ya mabawa vinafyatuka na kuua nguvu inayoinua ndege, na uzito uliokuwa umebebwa na mabawa unahamia kwenye magurudumu. Breki isiyo na uzito juu yake haishiki kitu.

Kubembeleza kuna gharama nyingine. Ndege inayokwenda kilomita 250 kwa saa, kila sekunde inayoning'inia juu ya lami inameza mita 70 hivi za njia, na hizo harudishiwi mtu. Tarehe 2 Agosti 2005 huko Toronto, Airbus A340 ya Air France iligusa chini kwenye mvua ya radi ikiwa imeshapita zaidi ya mita 1,100 za njia yenye mita 2,743. Injini nazo zilichelewa kugeuziwa msukumo uelekee mbele ili kuipunguza ndege kasi. Ndege ikapitiliza, ikaangukia korongoni na kuungua. Watu wote 309 walitoka hai, jambo ambalo mpaka leo linanishangaza.

Si kila kitu kiko mikononi mwa rubani, bila shaka. Njia iliyochanjwa mifereji midogo hukausha maji haraka, na ile iliyogandwa na mpira wa matairi huteleza hata kwa maji kidogo. Hiyo ni kazi ya wenye uwanja. Ila uamuzi wa kuongeza nguvu ya injini na kupaa tena, pale ndege inapogoma kushuka mahali pake, ni wa rubani, na manung'uniko yetu ya kuchelewa hayamsaidii.

Jamaa alisonya tena tulipokuwa tukisubiri mlango ufunguliwe. Mimi nilimwambia rubani asante, nikashuka ngazi nimeshika chuma kwa mikono miwili, maana nayo ilikuwa inateleza.