Chai ya kusafisha utumbo imenila elfu 45

Nina miaka 27 na kitambi kishaanza kunitangulia mlangoni. Mwaka jana nikanasa kwa dada mmoja anauza chai ya "kusafisha utumbo" mtandaoni, pakti tatu elfu 45, eti bakteria wabaya ndo wananinenepesha, nikiwatoa tu mwili unarudi wenyewe. Nikanywa pakti ya kwanza siku kumi. Kilichopungua ni hela na usingizi, maana kukimbilia choo saa nane usiku kwenye nyumba ya kupanga sio mchezo, mpaka jirani wa chumba cha pili akawa ananisalimia kwa "pole kaka".

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba stori ya bakteria yenyewe sio uongo, ndo maana inauzika. Mwaka 2013 maabara ya Jeffrey Gordon, Chuo Kikuu cha Washington kule St. Louis Marekani, walichukua jozi nne za mapacha wa kike, kila jozi mmoja mnene mwenzake mwembamba, wakachukua kinyesi chao wakawapandikizia panya waliokuzwa bila bakteria hata mmoja tumboni. Waliopewa cha pacha mnene wakaweka mafuta mengi kuliko waliopewa cha mwembamba, na msosi walikula sawa! Kwa hiyo mtu akisema kila mnene ni mvivu na mlafi mi huwa nakereka kweli.

Ila sikia na hii. Wakawaweka panya hao pamoja, na panya wana tabia ya kula mavi ya wenzao (samahani kama uko mezani), bakteria wa yule mwembamba wakahamia kwa mwenzie, akaacha kunenepa. Lakini ilitokea pale tu walipokuwa wanakula chakula cha mafuta kidogo na nyuzinyuzi nyingi, walipobadilishiwa wakapewa mafuta mengi, matunda na mboga kiduchu, wale bakteria wakashindwa kuhamia. Hapo ndo wauza chai hukata stori.

Na kwa binadamu wamejaribu. New Zealand walichukua vijana 87 wanene wa miaka 14 mpaka 18, wengine wakameza vidonge vyenye bakteria wa kinyesi cha watu wembamba, wengine vidonge hewa visivyo na kitu ndani, matokeo yakatoka 2020, baada ya wiki sita uzito wao ulikuwa hauna tofauti. Sasa kama bakteria wenyewe kumezeshwa hawajatosha, majani makavu ya kuharisha ndo yatoshe?

Yaani hawa wadudu wanaishi kwa unachowaletea. Nyuzinyuzi za maharage, mboga, dona, sisi hatuwezi kuzimeng'enya, wao wanazichachusha kule utumbo mpana na wanatoa asidi zinazolisha ukuta wa utumbo na kuchangia ile taarifa ya "nimeshiba". Mi niliwaletea nini? Zege (chipsi mayai) saa tatu usiku na soda baridi, siku tano kwa wiki, tangu nihamie Dar.

Halafu kuna utafiti wa kwetu Kilimanjaro uliotoka 2025, wanaume vijana 77, waliozoea chakula cha asili wakapewa msosi wa kizungu wiki mbili tu, vipimo vya damu vikaonyesha uchochezi mwilini (kinga ya mwili kuwaka kama inapambana na ugonjwa) umepanda, na waliofanyiwa kinyume ukashuka. Wengine walipewa kinywaji cha ndizi kilichochachushwa, nacho kikasaidia (wajomba zangu wa Moshi wameipokea hii habari kwa furaha isiyo ya kawaida).

Bi mkubwa nikimpigia ananiambia "mwanangu umenawiri, mji umekupenda". Nikamwomba anitumie ndizi za kiburu (kile chakula cha Kichaga cha ndizi na maharage) na basi la asubuhi, akacheka kweli, kwamba kijana wa mjini leo anataka kiburu! Siku hizi maharage nabandika Jumapili, mkanda nimerudi tundu moja, moja tu sidanganyi. Zile pakti mbili zilizobaki ziko juu ya kabati, anayetaka aje achukue bure, ila aje na toilet pepa yake.