Nilivyomsubiri Bwana Bamvua Kilwa Kivinje

Nianze na marekebisho. Ule ujumbe wa sauti wa dakika sita unaozunguka kwenye magrupu tangu juzi, ambao jamaa yangu ameurekodi huku anacheka mpaka pumzi zinamkatika, una uongo sehemu mbili. Sikupanda mlingoti. Niliukumbatia. Na sikumwita mama. Nilichokuwa naita mtakisikia, na mkishakisikia mtasema heri ningemwita mama.

Waliokwisha kucheka wacheke tena, sina nguvu ya kuwazuia. Bado nanuka.

Kwetu ni Njombe, mnajua. Kwetu maji yakienda yamekwenda. Mto unateremka, bomba linakatika, mvua inapita, hakuna maji yanayotoka asubuhi na kurudi mchana kama mtu aliyekwenda sokoni. Kwa hiyo jamaa, ambaye amehamishiwa kufundisha Kivinje, aliponiita likizo hii nikaione bahari, nilifungasha kama mtu anayekwenda kupigwa picha. Suruali nyeupe. Shati jeupe. Kofia ya ukindu niliyoinunua Mbagala Rangi Tatu wakati basi linajaza abiria.

Kivinje ni mji mtulivu, yaani ukipiga chafya mtaa wa pili wanakuombea afya. Zamani misafara ya pembe na ya watumwa kutoka pande za Ziwa Nyasa ilikuwa inaishia hapa. Majumba ya matajiri wa wakati huo mengine bado yana milango ya nakshi, mengine yameota miti sebuleni, na boma la Wajerumani limebaki palepale linaitazama bahari. Siku hizi kelele kubwa ni kete za bao.

Usiku wa kwanza mwezi ulikuwa mpevu, mkubwa kama sinia la pilau. Nikakesha nje napiga picha. Jamaa akaniambia mbalamwezi ikiwaka hivi wavuvi wa dagaa hawatoki, maana dagaa huvutwa kwa taa, na taa mbele ya mwezi haina kazi. Mimi nikaandika kwenye stetasi: "Hata wavuvi wamebaki nyumbani kuutazama mwezi." Mkaja na mioyo yenu mingi.

Hilo la wavuvi kubaki nyumbani lishikeni. Litarudi.

Asubuhi saa nne nikateremka ufukweni, bahari haipo. Nasema haipo. Ni tope na mchanga mpaka mwisho wa macho, mikoko pembeni imesimama na mizizi nje kama watu waliokunja suruali. Vyombo vimelala ubavu, vingine vimeegemezwa kwenye magadi. Watoto wanacheza mpira mahali ambapo jana jioni kulikuwa na mawimbi. Mtu mwingine angejiuliza imekwenda wapi. Mimi nilisema: nafasi ya picha hiyo.

Kwenye kivuli palikuwa na mzee anashona wavu, mwenzake kakaa naye anakunywa kahawa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Naomba kwenda kupiga picha kwenye kile chombo cha mwisho kule." Nikamwonyesha ngalawa moja ya buluu, mbali, kama viwanja vitatu vya mpira.

"Kile? Kile kina sifa kile."

Nikajisikia vizuri. Ufukwe mzima, vyombo vyote vile, jicho langu limekwenda kwenye chombo maarufu.

"Ndiyo maana nimekipenda, mzee."

Akaitazama suruali yangu. Akatazama kule kwenye ngalawa. Akairudia tena suruali. "Haya. Ila usikawie. Leo bamvua."

"Anafika saa ngapi?"

"Kuanzia saa tano hivi."

"Hachelewi?"

"Hayachelewi hata siku moja."

Nikasema moyoni, watu wa pwani wana adabu jamani, mtu mzima wanamsema kwa wingi. Nikapiga hesabu. Huyu Bwana Bamvua ama ndiye mwenye ngalawa, ama ni wa ushuru, ama ni yule mtu ambaye kila mji anaye, humwoni mpaka umalize kupiga picha ndipo anatokea kudai elfu tano. Nikatoa elfu tano kabisa, nikaiweka mfuko wa shati.

"Msijali," nikawaambia, "akija nitaongea naye."

Mzee alicheka akaangusha sindano ya wavu. Akamgeukia mwenzake, "Kasema ataongea nayo!" Mwenzake kahawa ikampalia. Nikaondoka nimefurahi, nimekaa mji huu usiku mmoja tu na wazee wameshanizoea.

Nyie wa Mafia, wa Pangani, wa Lamu, najua mmeshajua. Nyamazeni. Wa Makambako bado wanasoma.

Ngalawa ilikuwa safi, inang'aa kama imepakwa asali iliyoungua. Ina harufu. Tena harufu nzito, ya samaki aliyefariki zamani na kuacha wosia. Nikajiambia ndiyo harufu ya bahari, bahari ikiondoka lazima iache kitu. Nikapanda. Nikakaa, nikasimama, nikaegemea mlingoti, nikaweka simu kwenye kopo la kukumbia maji ijipige yenyewe. Maneno ya kuweka chini ya picha nilikuwa nayo tangu Mbagala: "Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331. Mimi nimefika leo." (Jamaa baadaye alinikosoa kwamba Kilwa ya Ibn Battuta ni ile ya Kisiwani. Sawa, mwalimu.)

Nilipochoka, na nilikuwa nimekesha na mwezi, nikajilaza ndani. Ngalawa ni gogo lililochongwa, upana wake kiunoni unakushika huku na huku kama jeneza lililopimwa. Kofia usoni. Upepo mzuri.

Kwa mbali nikasikia miguu inapita chwa, chwa, chwa. Ni kina mama wanarudi kuokota kombe na chaza, ndoo kichwani. Mmoja akasimama.

"Kaka! Twende zetu. Bamvua hiyo."

Sikutoa hata kofia usoni. "Nendeni tu dada zangu, mimi namsubiri hapahapa."

Wakacheka. Chwa, chwa, chwa. Mimi nilidhani ile chwa chwa ni tope.

Sasa tuje hapa penyewe.

Kilichoniamsha ni kubembelezwa. Nilikuwa naota nimebebwa mgongoni na bibi yangu, anakwenda shambani, huku na huku, huku na huku. Nikafumbua macho nikaona ncha ya mlingoti inachora mstari angani, inakwenda kushoto, inasita, inarudi kulia. Nikaitazama muda mrefu. Nikasema mlingoti una nini. Nikasikia chini ya mgongo, upande wa pili wa ubao, kitu kinagonga pole pole, kop, kop, kama mgeni mwenye haya.

Nikatoa mkono nje ya ngalawa nishike mchanga niinuke. Mkono ukazama hadi kwenye kiwiko.

Hapo sikupiga kelele bado. Niseme kwa heshima yangu, hapo nilinyamaza kabisa. Niliutoa mkono, nikautazama unavyodondosha maji, nikaunusa, nikauingiza tena kuhakikisha. Halafu nikainua kichwa taratibu, macho yapite tu juu ya ubao.

Maji. Mbele maji. Nyuma maji. Uwanja wa mpira, maji. Nyayo zangu nilizokuja nazo, ambazo nilikuwa nimezipiga picha kwa ubunifu, maji. Mji uko kule, mdogo, na ukutani wamekaa watu.

Mimi sijui kuogelea. Njombe unaogelea wapi? Nikasimama, ngalawa ikayumba, nikaukumbatia mlingoti, na kwa akili iliyobaki nikaona kuna mtu mmoja tu duniani mwenye wajibu wa kuja hapa nilipo. Nikajaza kifua.

"BAMVUAAAA!"

Ukutani bao likasimama. Niliwaona wanainuka. Wote wapo, si nimewaambia mwezi umewarudisha nyumbani? Manahodha, mabaharia, wapaa samaki, wote wamekunywa chai, hawana kazi mpaka giza lirudi.

"BAMVUAAAA! NJOOOO!"

Kule wakashauriana kidogo. Kisha wakajibu kwa pamoja, kwa nia njema kabisa: "NDIYOOO! BAMVUAAA!"

Machozi yalinilenga. Nikasema watu wa Kivinje wana utu, wananisaidia kumwita.

"MWAMBIENI NINA ELFU TANO!"

Kimya. Halafu kicheko. Kicheko kikija juu ya maji kinakufikia kizima, hakipungui hata jino moja.

"NITAMWONGEZA! AJE TU!"

Ni wakati huo, ndugu zangu, jamaa yangu alipofika ufukweni kutoka shuleni, akauliza kuna nini, akaambiwa kuna kijana wa bara anaihonga bahari. Akatoa simu. Hakutafuta chombo. Alitoa simu.

Aliyenifuata ni yule mzee wa wavu. Alikuja na mtumbwi mdogo, amesimama nyuma, anasukuma kwa pondo bila haraka yoyote. Nikajua amemleta Bwana Bamvua au ametumwa naye. Alipofika hatua tano akasimamisha mtumbwi. Mimi mikono yote iko mlingotini.

"Shikamoo mzee," maana nimelelewa.

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo."

"Umeamkaje tangu ile asubuhi?"

"Salama, mzee."

"Wa kwenu huko Njombe hawajambo?"

"Hawajambo." Ngalawa ikayumba. "Mzee, Bamvua yuko wapi?"

Hakucheka. Hilo ndilo linaloniuma, angecheka ningepona. Alinitazama kwa huruma, kama daktari anayetafuta pa kuanzia. Kisha akalichomoa pondo taratibu, akalilaza mbele yangu, akaniwekea kidole mahali maji yalipoishia kwenye mti, bado yanatiririka.

"Bamvua, mwanangu, ndiyo hii."

Nikamtazama.

"Mwezi ukiwa mpevu kama wa jana, na ukiandama, maji yanakupwa mbali sana, na yanajaa sana. Ndiyo bamvua. Katikati hapo ni maji mafu."

Mawazo yangu yote yakarudi nyuma kwa mguu mpaka asubuhi. Hachelewi. Hayachelewi. Ataongea nayo. Dada zangu namsubiri hapahapa.

Ningekuwa na akili ningelitazama lile pondo mara ya pili, maana lilikuwa linaniambia mambo mawili. Kidole cha mzee kilikuwa kimeishia usawa wa kiuno cha mtu. Lakini aibu ilikuwa imeshanijaa kuliko maji, nikataka tu kuondoka machoni mwa watu. Nikauachia mlingoti, nikaweka mguu mmoja kwenye mtumbwi. Mtumbwi ukaenda zake na ule mguu. Ngalawa ikabaki na mwingine. Nilikaa hivyo, nimetanuka, nadhani sekunde nne, kwenye video ni saba, naambiwa wameipunguza kasi.

Nilipoingia majini nilipiga shahada ya dini yangu na za dini za jirani. Nilipiga mikono, nilipiga miguu, nilikunywa chumvi ya mwaka mzima, niliwaaga wazazi. Kisha mtu akanishika bega, akasema kwa upole, "Kaka, simama."

Nikasimama. Maji yalikuwa kiunoni.

Aliyenishika bega ni mtoto wa darasa la tatu hivi. Maji yalimfika kifuani, na mkono mwingine ameinua kofia yangu juu isilowe.

Mengine ni mafupi. Nilirudi kwa miguu, simu ikafa, ile elfu tano nikampa mtoto, mzee akakataa hata chai. Nyumbani mke wa jamaa alinizuia mlangoni, na ndipo nikafundishwa neno la pili la siku ile. Sifa ni mafuta ya maini ya papa. Vyombo hupakwa ili mbao zisioze. Ngalawa ile ilikuwa imepakwa juzi yake, na mimi mgongo wote, toka kisogo hadi visigino, nilikuwa nimeufuta kwa suruali nyeupe. Nimeoga kwa sabuni ya unga, kwa limau, kwa majivu. Mke wa jamaa akaninyunyizia na udi, nikawa papa aliyekwenda harusini. Miaka yote mnaniita mtu wa sifa, haya, sasa ninazo, haziishi.

Jamaa amebandika picha yangu nimekumbatia mlingoti, na chini yake ameweka yale maneno yangu mwenyewe ya Ibn Battuta. Asanteni wote mliosambaza. Nimewaona majina.

Siku ya kuondoka nilipitia uchochoroni nisionekane. Watoto waliniona. Wakanisindikiza kundi zima mpaka kwenye bajaji ya kwenda Nangurukuru: "Bamvua kwaheri! Bamvua njoo tena!" Nangurukuru nikasema hapa hawanijui. Konda wa basi akanusa mara moja, akanitazama juu mpaka chini, akachukua kalamu akaandika tiketi bila kuniuliza chochote.

Ninayo hapa mezani. Kiti: 41, dirishani. Kutoka: Kilwa. Kwenda: Dar. Jina la abiria: Bw. Bamvua.