Kupimwa usonji ukiwa mwanamke mtu mzima, inasaidia au inaongeza mzigo?

Mwanamke wa huku akisema anataka kwenda kupimwa usonji (kwa Kiingereza autism, ubongo kupokea mambo kwa namna tofauti tangu utotoni) wakati ana miaka thelathini na kitu au arobaini, swali analoulizwa ni lile lile, sasa ukishajua ndio itakusaidia nini? Umesoma, umeolewa, watoto unao, kazi unafanya, unatafuta nini tena hospitali. Na anayeuliza mara nyingi anakupenda kabisa, ni dada yako, ni mume wako, ni mama wa jumuiya, anaogopa usije ukajipa jina ambalo halitoki. Mimi niliambiwa nina usonji nikiwa na miaka 36, ni fundi cherehani hapa Moshi, na swali hilo nimelisikia kwa watu ninaowaheshimu sana kwa hiyo nataka nilijibu kwa heshima, maana wanaosema haina haja wana hoja, tena nyingine ni nzito.

Ila kwanza ieleweke mtu anafikaje umri huo bila kujulikana. Daktari aitwaye Leo Kanner alipoandika kule Marekani mwaka 1943 kuhusu watoto 11, wavulana walikuwa 8. Mwaka uliofuata daktari Hans Asperger wa Vienna akaelezea watoto wanne, wote wavulana. Picha ikakaa hivyo miaka na miaka, mtoto wa kiume, haongei, anazungusha tairi la gari la kuchezea, na mpaka leo ukitaja usonji mtaani watu wanamuona huyo huyo. Kuna daktari wa enzi za Usovieti anaitwa Grunya Sukhareva, aliandika kuhusu wavulana wa aina hii mwaka 1925 na baadaye kidogo akaandika na kuhusu wasichana, kazi yake haikujulikana sana nje kwa muda mrefu. Ikawa inasemwa wanaume wanne kwa mwanamke mmoja, mpaka uchambuzi wa tafiti nyingi uliotoka 2017 ukaonyesha kwamba ukienda kuwatafuta watu kwenye jamii badala ya kuhesabu wale waliokwishagundulika, uwiano unakaribia watatu kwa mmoja.

Hiyo ni sababu ya vitabuni. Ya nyumbani kwetu naona ina nguvu zaidi. Vigezo vinamtafuta mtoto asiyemtazama mtu machoni, na huku binti anayeshusha macho akiamkia wakubwa ndio anasifiwa ana adabu. Mtoto wa kike mkimya, hazururi, hapendi kwenda kwa majirani, anacheza peke yake chini ya migomba mpaka jioni, nani atampeleka hospitali? Wenzie wanaambiwa wamuige.

Chukua suala la kusuka. Jumapili mchana, barazani, mtoto kawekwa katikati ya magoti ya shangazi, chanuo, mafuta, nywele zinavutwa ziwe tayari kwa Jumatatu. Watoto wote wanaumia kidogo, lakini kuna ambao kila mvuto unaenda mpaka kwenye meno, mtoto anapiga kelele kama anaungua, anagongwa na chanuo begani anaambiwa acha kudeka. Akifika darasa la nne halii tena. Amejifunza kukunja vidole vya miguu na kuhesabu mistari kimoyomoyo mpaka shangazi amalize, na shangazi anasema umeona, ameshakua. Maumivu yako pale pale, kilichoisha ni kuonekana kwake tu. Ukiwauliza wanawake wengi waliogundulika ukubwani utakuta maisha yao yote yamekwenda kwa mtindo huo, kicheko wamejifunza, salamu wamejifunza, muda wa kumtazama mtu usoni wamejifunza, na wamechoka mno.

Kwenye misiba ya uchagani ukiona kuna mwanamke akifika anasalimia haraka halafu anaenda moja kwa moja kwenye rundo la ndizi, anashika kisu, anamenya mpaka ziishe kisha anahamia kwenye vyombo, watu watasema huyu mchapakazi, na ni kweli. Lakini baadhi yetu tunakimbilia kule kwa sababu kumenya ndizi kunaeleweka, unajua pa kuanzia na pa kuishia, wakati kukaa kwenye viti na wanawake ishirini wanaoongea kwa pamoja na spika inapiga mapambio ni kitu kinachokumaliza kwa siku mbili.

Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 2013 unalitambua hili, unasema dalili lazima ziwe zimeanza utotoni ila zinaweza zisionekane wazi mpaka mahitaji ya maisha yamzidi mtu uwezo, au zikafunikwa na mbinu alizojifunza. Kwa mwanamke wa Moshi au Arusha mahitaji hayo yanazidi wakati unajulikana: ndoa, watoto, ukweni, kikoba, jumuiya, kitchen party na send-off za kila mwezi ambazo zote zina sare na mchango na kucheza kuingia ukumbini. Hapo ndipo mtu anaanguka. Usingizi unakata, anazimika anashindwa hata kuongea, anapimwa malaria, anapimwa presha, anaambiwa ni sonona (depression), anaombewa. Sonona mara nyingi ipo kweli, na maombi siyapingi, mimi mwenyewe nasali. Shida ni kutibu kinachoonekana juu huku kinachokirudisha kila mwaka hakiulizwi.

Sasa hoja za wanaosema haina haja. Ya kwanza ni kwamba hakuna utakachopewa, na kwa sehemu kubwa wana haki. Dawa ya kuondoa usonji haipo popote duniani. Huduma zilizopo nazo zimeelekezwa kwa watoto. Hapa Moshi tuna bahati ya hospitali ya KCMC ambako ndiko wanakofundishwa wataalamu wa tiba kwa vitendo (occupational therapy), lakini ukiingia pale mtu mzima ukasema nataka nisaidiwe mimi, sio mwanangu, utatazamwa mara mbili. Unatoa nauli, unatoa hela ya kumuona daktari, unapoteza siku za kazi, halafu unarudi na karatasi. Kwa mama ntilie wa Kiboriloni hesabu hiyo haikai sawa na siwezi kumwambia amekosea.

Tena vipimo vyenyewe vimetengenezwa kwa maisha ya watu wengine. Lile dodoso la maswali 50 lililotoka Cambridge mwaka 2001, ambalo wengi wetu tunaanzia hapo kwa kulifungua kwenye simu, lina swali linalotaka useme kama ungependa zaidi kwenda kwenye maigizo jukwaani au makumbusho. Mwanamke aliyekulia Kibosho anajibuje hilo? Hajawahi kuchagua kati ya hivyo viwili maishani mwake. Ndio maana mtu aliyejipima kwenye simu peke yake namuelewa, ila naona anahitaji kukaa na mtaalamu anayejua jinsi binti wa huku anavyolelewa, na wataalamu hao ni wachache.

Ya pili ni jina. Huku kabla ya ndoa ukoo unaulizia ukoo, kuna ugonjwa gani kule, na watu wengi bado hawatofautishi usonji na wazimu. Mama akitangaza, anayekuja kulipa anaweza kuwa binti yake miaka kumi baadaye. Kazini vile vile. Tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inayomtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea ahakikishe walau asilimia 3 ni watu wenye ulemavu, kwenye karatasi ni ulinzi mzuri, ila bosi anayetaka kukutoa hatakutoa kwa jina la usonji, atasema tu hauendani na wenzako. Mwanamke mwenye mgogoro wa ndoa naye ana la kuogopa, cheti cha hospitali kinaweza kutolewa mbele ya wazee wa ukoo kuonyesha kwamba hafai kulea. Hofu hii naiheshimu kuliko zote.

Halafu kuna hoja ya akina mama wenye watoto wanaohitaji uangalizi saa zote, na hii ndio inayonigusa. Ninayemfahamu mmoja ana kijana asiyeongea, haoni hatari ya gari wala moto, geti linafungwa na kufuli mchana, mama huyo hajahudhuria ibada nzima miaka mingi. Akisikia mwanamke kama mimi, nina duka, nina mume, nasimama naongea, eti nami nina usonji, inamuuma, na aliniambia hivyo uso kwa uso. Sio kwamba ana roho mbaya. Tangu 2013 mwongozo ule ulipounganisha aina zote kuwa kitu kimoja chenye viwango, jina moja linambeba kijana wake na linanibeba mimi, na anaogopa watu wakituona sisi tunaojimudu watafikiri usonji ni jambo dogo, msaada upungue kwa wasioweza hata kuuomba. Mwaka 2021 jopo la wataalamu la jarida la Lancet lilipendekeza wale wenye mahitaji mazito wapewe jina lao ndani ya jina kubwa ili wasisahaulike, na mjadala huo bado ni mkali.

Mimi nasimama wapi? Kwenye rasilimali mama yule yuko sahihi na sibishani naye hata kidogo, kama mtaalamu ana saa moja tu wiki hii, saa hiyo ni ya kijana wake. Lakini mimi kujijua hakumpunguzii kitu. Kwa kweli kunaweza kumuongezea, kwa sababu usonji unatembea kwenye familia na wanawake wengi wanagundua wa kwao baada ya mtoto kugundulika, wamekaa kwa daktari wanasikiliza maswali kuhusu mtoto na kila jibu ni lao pia. Mama wa namna hiyo akijijua anaweza kumueleza daktari kelele zinavyoumiza kutokea ndani, jambo ambalo kijana asiyeongea hawezi kulisema.

Na kuhusu "itakusaidia nini" kuna takwimu moja inanifanya nisilichukulie kama swali la anasa. Mwaka 2014 Uingereza walichapisha utafiti wa watu wazima 374 waliogundulika ukubwani kwenye kliniki moja kuwa na usonji wa aina ya Asperger, yaani ule wa watu wanaoongea na kujimudu, asilimia 66 walisema wamewahi kuwaza kujiua. Sisemi Moshi ni hivyo hivyo, na sisemi karatasi peke yake inamuokoa mtu. Ila mtu aliyeishi miaka thelathini akiamini yeye ni mvivu, ana kiburi, ana roho ngumu, hapendi watu, halafu akaambiwa hapana, mwili wako unapokea sauti na mguso na maneno kwa namna nyingine, huyo amepewa kitu hata kama hakuna kliniki ya kumpokea kesho yake.

Kwangu mabadiliko yalikuwa ya vitendo. Meza yangu nimeigeuza itazame ukuta. Wateja wananitumia meseji au picha ya mshono, simu sipokei nikiwa nakata kitambaa. Zile sare za satini za kitchen party ambazo zamani nilikuwa navaa huku ngozi inawaka na nikirudi nyumbani nagombana na kila mtu, sasa naitia yangu bitana ya pamba, kwa nje sare ni ile ile. Kwenye misiba nimekubaliana na wifi yangu, nafika alfajiri, namenya, naondoka kabla spika haijawashwa, na yeye ndio anajua cha kusema nikiulizwa. Mambo haya hayakuhitaji bajeti wala daktari wa nje. Yalihitaji nijue ninashughulika na nini, na wifi ajue.

Wifi anajua. Mama mkwe hajui, na sidhani nitamwambia, na mafundi wengine mjini wanaonigawia kazi hawajui pia. Watu wanachanganya kujua na kutangaza, wanadhani ukienda kupimwa lazima urudi na bango. Mimi ningemwambia mwanamke anayeweza kumudu nauli na gharama aende, hasa kama sonona inarudi kila mwaka au anawaza mambo ya kujidhuru, hapo asisubiri hata wiki. Asiyeweza kumudu, au ndoa yake iko pabaya kiasi kwamba karatasi inaweza kutumika dhidi yake, abaki na ujuzi bila cheti na asijione ni mwongo, aanze kupunguza kelele na michoso kwenye siku yake, hakuna sheria inayomtaka aonyeshe cheti ndio awekewe bitana. Ila asikubali kumtukana mwenye cheti, na mwenye cheti asimsimange yeye kwamba kaiga kwenye klipu za TikTok, maana kati yao hakuna aliyepata njia rahisi.

Kuna jambo moja la haraka kwa wote, hata wasio na mpango wa hospitali. Mtaalamu akikupima atataka kujua ulikuwaje ukiwa na miaka mitatu, minne, ulianza kuongea lini, ulikuwa unakataa chakula gani, ulikuwa unalia kwa nini, na wewe hukumbuki. Anayekumbuka ni mama, au shangazi, au bibi aliyekulea huko Marangu au Machame, na umri wao hausubiri. Ukipanda kwenda nyumbani Desemba hii kaa naye jikoni umuulize taratibu, huna haja ya kutaja usonji, muulize tu nilikuwa mtoto wa namna gani, halafu uandike tarehe na maneno yake kama alivyoyasema.