Sambaza Gunia Tatu

Dagaa wangu walishakauka, wako ndani ya magunia na midomo imeshonwa, ndipo ujumbe ukaingia kutoka kwa mteja wa Bukavu, Kongo: "Mama, sambaza gunia tatu. Kesho asubuyi ninakuya."

Nikasonya. Hapa Kibirizi, Kigoma, wapo wenzetu wanaojaza mchanga katikati ya gunia, juu wanapamba kwa dagaa wanaong'aa. Mteja akishaumizwa mara moja, kila gunia kwake ni la mwizi. Nikaona huyu anataka awakute dagaa wametandazwa, awakague mmoja mmoja kama posa. Sisi tungesema anika, lakini Kiswahili cha ng'ambo ya ziwa kina mambo yake.

Mtoto wa kaka yangu, aliyerudi kutoka Nairobi na begi dogo na ujuaji mkubwa, akachungulia simu.

"Shangazi, huyo hataki samaki. Sambaza ni kumrushia mtu salio."

"Salio la gunia tatu? Mimi mnara wa simu?"

"Labda anasema kwa mafumbo."

Nikampa kisu afumue magunia.

Tukamwaga, tukatandaza mchangani mpaka njia ya kwenda kwenye maboti ikaziba. Kunguru wakapeana habari. Mbuzi wa jirani, ambaye siku zote hujifanya hali samaki, akaonja, akarudia. Kijana nimemweka mlinzi, yeye yuko kwenye simu. Kufika saa nane wingu likapanda juu ya ziwa, na ninyi mnaijua mvua ya Kigoma, haibishi hodi. Tulikuwa na turubai moja lenye tundu, tukakimbizana nalo huku na huku. Tukifunika hapa, kule kunalowa. Dagaa wengine walianza safari ya kurudi ziwani wenyewe.

Asubuhi mteja kashuka kwenye boti, kasimama kiuno kashika.

"Mama, sambaza zangu ziko wapi?"

"Si hizo hapo zimesambaa!"

"Sambaza ni samaki!"

"Samaki ni dagaa! Wewe umeandika sambaza, nami nimesambaza. Ujumbe ninao."

"Na salio je?" kijana akauliza. Hakujibiwa.

Pembeni kwenye kahawa alikuwa amekaa bwana samaki mstaafu. Akasafisha koo, nikajua tumekwisha. Akasema ziwa letu la Tanganyika lina dagaa wa aina mbili, wadogo na wakubwa kidogo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Wabelgiji walichukua vifaranga vya aina zote mbili wakavipeleka Ziwa Kivu. Wadogo hawakushika, wakubwa wakazaana. Hao ndio watu wa Bukavu na Goma wanawaita sambaza. Mwaka 1967 na 1968 wakapelekwa tena Ziwa Kariba, na kule Zambia jina lao ni kapenta. Warundi hapo jirani wanasema ndagala, ambayo angalau inafanana na dagaa yetu. Sambaza yetu sisi inatokana na kusambaa tu, haina magamba wala mkia, na ya Nairobi ndiyo hiyo ya salio.

"Kwa hiyo samaki ni yule yule?" nikauliza, nikianza kupata matumaini ya hela yangu.

Bwana samaki akainama, akaokota dagaa mmoja aliyelowa, akamgeuza kwenye mwanga.

"Yule yule angekuwa mkubwa. Hawa wako ni wale wadogo."

Mteja akamtazama dagaa, akanitazama mimi. "Mi nilitaka zile kubwa, mama. Zile za kwetu."

Za kwenu! Zimetoka hapa hapa kwetu, mnatuletea na jina jipya juu! Nilimwambia hivyo, tena kwa sauti. Akacheka mpaka akashika kifua, kisha akaenda kununua gunia tatu kwa jirani yangu, yule mwenye mbuzi, aliyekuwa nazo kavu ndani ya banda na hakuhangaishwa na ujumbe wa mtu. Bwana samaki akajipimia kisado kimoja, akasema ni ada ya ushauri.

Jua likatoka. Nikamwita kijana aje atandaze upya kabla hawajaoza.

"Nisambaze tena, shangazi?"

"Anika!"