Nani Anamtafsiria Mgonjwa?

Tuchukue mfano. Mama kutoka Buhigwe anafikishwa idara ya dharura Kigoma mjini usiku, mkono umevunjika. Kiswahili hakimtoki vizuri, lugha yake ni Kiha. Nesi anamuuliza kilichompata. Anayejibu ni wifi yake: "Ameteleza kisimani." Kwenye faili panaandikwa hivyo hivyo.

Wapo wanaotaka kila mwanamke anayefika dharura aulizwe kama anapigwa nyumbani. Hoja yao ni nzito. Utafiti wa kitaifa wa afya wa Tanzania wa 2015–16 ulikuta asilimia 40 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa tangu watimize miaka 15, ingawa Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza mwanandoa kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Na wengi hawaji na jeraha. Wanakuja na kichwa kisichopona, usingizi uliopotea, mimba iliyoharibika. Ukisubiri jicho lililovimba, hao hutawaona.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2013, halikukubali aulizwe kila mtu. Lilitaka aulizwe mwenye dalili za kutia shaka, aulizwe faragha na mhudumu aliyefunzwa, tena pawe na mahali pa kumpeleka. Jaribio la kuuliza wote lililofanyika Ontario, Kanada, na kuchapishwa 2009, lilihusisha pia vyumba vya dharura. Baada ya miezi 18, waliokuwa wameulizwa hawakuwa wameepukana na ukatili kwa kiasi cha kutosha kuhalalisha kuuliza wote.

Naegemea upande huo, ila kwa shingo upande, maana wale wa kichwa kisichopona bado wananiuma. Kinachonishinda ni pazia. Kitanda na kitanda vimetenganishwa na kitambaa, na swali likisikika upande wa pili litamfuata hadi nyumbani. Halafu ipo PF3, fomu ya polisi ya mtu aliyejeruhiwa. Mama anajua neno "nimepigwa" linaita PF3, PF3 inaita polisi, polisi wanamwita mume, na mume ndiye mwenye nauli ya kumrudisha Buhigwe. Kabla ya kuulizwa aelezwe jibu lake litaishia wapi, na kwamba atatibiwa vyovyote atakavyojibu. Dawati la Jinsia na Watoto la polisi na afisa ustawi wa jamii atajiwe kama milango anayoweza kuichagua.

Hilo la lugha halihitaji kusubiri bajeti. Aitwe nesi wa zamu anayejua Kiha, na wifi atumwe dirisha la dawa.