Helikopta ikiharibika juu ya ziwa: kutua majini au kukimbilia nchi kavu?

Tarehe 12 Machi 2009, mashariki ya Kanada, helikopta ya Sikorsky S-92 ilikuwa ikipeleka wafanyakazi kwenye visima vya mafuta baharini. Boliti za titani zilizoshika chujio la oili ya giaboksi (sanduku la gia linalopeleka nguvu ya injini kwenye mapanga yanayozunguka juu ya helikopta) zikakatika, oili ikamwagika. Marubani wakageuza kurudi nchi kavu. Hawakufika. Kati ya watu 18 alipona mmoja.

Mwaka 2012 helikopta mbili za EC225 zilipata hitilafu ya giaboksi kwenye Bahari ya Kaskazini, Mei na Oktoba. Marubani walishuka majini mapema, mapanga yakiwa bado yanawatii, maboya ya kuielesha helikopta yakajaa upepo. Watu 14 wa kwanza na 19 wa pili wote wakatoka hai.

Kwa hiyo taa ya giaboksi ikiwaka juu ya Ziwa Victoria, kati ya Kirumba mjini Mwanza na kisiwa cha Ukerewe, mimi nasema shuka. Injini ikizimika, hewa inayopita kwenye mapanga huyazungusha na rubani akapata nafasi ya kutua. Giaboksi ikivunjika, nafasi hiyo haipo.

Wanaopinga wana hoja nzito, wala siipuuzi. Katika ajali zile za 2012 wachunguzi waligundua kwamba mfumo wa dharura wa kupoza giaboksi ulikuwa ukifanya kazi; onyo la kuwa umeshindwa ndilo lililodanganya. Tena injini na giaboksi viko juu, hivyo helikopta isiyo na maboya hupinduka upesi majini, abiria wakabaki kichwa chini ndani ya mikanda. Wafanyakazi wa Bahari ya Kaskazini hulifanyia hilo mazoezi bwawani. Mgonjwa anayekimbizwa hospitali ya Bugando, Mwanza, kutoka kisiwani atayafanyia wapi?

Ila ukaribu wa nchi kavu peke yake hauokoi. Novemba 6, 2022 ndege ya Precision Air ilianguka ziwani Bukoba, katika hali mbaya ya hewa, jirani kabisa na uwanja. Watu 19 kati ya 43 walikufa. Wavuvi ndio waliotangulia kufika, na mitumbwi yao.

Ndiyo maana msimamo wangu wa kushuka mapema una masharti: helikopta inayovuka ziwa iwe na maboya, abiria avae jaketi la kujiokolea tangu kupanda, aambiwe asilijaze upepo akiwa ndani. Na namba za simu za viongozi wa mialo (maegesho ya mitumbwi ya wavuvi) ya njiani rubani awe nazo kabla hajapaa.